Redio ya shilingi 35,000, bendi tatu, na masikio ya fundi cherehani

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa na wengi: shilingi 35,000, Kariakoo, upande wa Msimbazi, Aprili 2025. Kijana muuzaji alianza na 50,000. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi natoka Mbagala, sitoki Masaki." Akacheka, akashuka hadi 40,000, nikageuka kuondoka, akaniita: "Mama, njoo basi, hasira za nini?" Jina lililobandikwa kwenye redio silitaji kwa sababu halisaidii kitu. Redio ile ile, umbo lile lile, duka la pili inaitwa hivi na duka la tatu inaitwa vile. Mtaitambua kwa sura: nyeusi, mpini wa kubebea juu, kipande cha sola mgongoni, tochi ubavuni, na mbele kioo chenye mshale mwekundu unaotembea juu ya mistari mitatu, FM, AM na SW, yaani masafa mafupi. Ina tundu la flashi, tundu la memori kadi, na bluetuthi ambayo nimeitumia mara chache na sina la kusema juu yake. Inaunganika, inapiga, basi.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mbagala, si mbali na Rangi Tatu. Kazi hii inataka macho, inataka mikono, na inataka hata miguu kwa sababu cherehani yangu ni ya kukanyaga. Masikio tu ndiyo hayana ajira. Televisheni kwangu ni hasara: ukiinua macho kuangalia goli, sindano imeshakupitia kidoleni. Simu nayo inataka kuguswa kila saa, na bando linakwenda. Kwa hiyo redio siwezi kuipima kwa kuisikiliza dakika tano dukani. Naipima kwa kutwa nzima ikiwa juu ya rafu ya vitambaa, vumbi la nyuzi likiingia kwenye matundu ya spika, wateja wakiingia na kutoka, na binti ninayemfundisha kazi akiusogeza mshale kila nikienda kununua vifungo.

FM inakamata vizuri. Lalamiko langu ni moja, nalo si dogo. Hapa Dar Clouds ipo 88.5 na Wasafi ipo 88.9. Kwenye redio ya namba unabonyeza na kuendelea na kazi. Kwenye hii ya mshale, stesheni hizo mbili zimepakana, na gurudumu la kutafutia lina mchezo: unalizungusha, mshale unasita, kisha unaruka. Kuna asubuhi nimesikia mchambuzi wa stesheni moja akiuliza swali, na tangazo la stesheni ya pili likamjibu. Namna nyumba hizo mbili zinavyoshindana mjini, halafu kwangu zinalala chumba kimoja. Dawa niliyoipata ni nukta ya rangi ya kucha kwenye kioo, nyekundu kwa huyu, zambarau kwa yule. Inasaidia mpaka binti aje.

Kilichomo ndani ya FM hiyo ni suala jingine. Asubuhi yanasomwa magazeti, Mwananchi, Nipashe, Mwanaspoti, nami napata vichwa vyote vya habari bila kununua hata moja. Kisha michezo. Kisha mchambuzi wa michezo. Kisha mchambuzi anayemchambua mchambuzi wa jana. Katikati ya hayo yote, kubeti: weka hela kidogo uondoke na mamilioni, cheza kistaarabu, haya tunaendelea. Mimi ni mpenzi wa mpira, mtaniona huko mbele, lakini kuna siku najiuliza gunia la mahindi limefika bei gani, au kodi gani mpya imeongezwa kwa sisi wenye vibanda, na jibu linalotoka kwenye spika ni tetesi za usajili wa dirisha dogo.

Nimekulia Lindi, kwenye nyumba yenye redio moja na stesheni moja. RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, mrithi wa ile Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza 1951. Baba alikuwa na National, na betri zilikuwa ghali, kwa hiyo ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, kwa Mazungumzo Baada ya Habari, na kwa mpira. Betri zikianza kulegea zilianikwa juani. Zikigoma kabisa, baba alizing'ata ubavuni, meno yakaacha alama kwenye bati, nazo zikatoa dakika chache za mwisho. Watu wazima walinung'unika kwa sauti ya chini kwamba tunasikia upande mmoja tu wa kila jambo. Mwaka 1994 ikaja Radio One, baadaye wakaja wengine wengi, na leo nikiuburuta mshale toka 88 hadi 108 hakuna sehemu kavu. Sauti zimeongezeka mno. Mambo yanayozungumzwa hayajaongezeka kwa kiasi hicho, na hili silisemi kwa kulilia ujana. Nalisema kwa sababu nasikiliza kutwa, na anayesikiliza kutwa anajua mahali ambapo mazungumzo hukata kona.

Bunge, kwa mfano, lilikuwa sehemu ya kazi yangu. Msimu wa bajeti nilikuwa nashona huku wabunge wakirushiana maneno, na mteja akija tunabishana naye kwa kitu tulichokisikia wote. Januari 2016 Nape Nnauye, waziri wa habari wa wakati huo, alitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, na sababu iliyotolewa ni gharama. Hapo ndipo mazoea yangu yalipokatika. Tangu siku zile Bunge nalipata vipande vipande, tayari limeshakatwa na mtu mwingine, na mimi kama fundi najua kwamba anayeshika mkasi ndiye anayeamua gauni litakuwa fupi au refu.

Turudi kwenye spika. Nimeipima kwa muziki wa kila namna. Dansi linapita safi kabisa. Zile rekodi za zamani za Msondo na Sikinde, gitaa la solo unalisikia peke yake, la ridhimu peke yake, tarumbeta zinaingia bila kugombana na mwimbaji. Nadhani ni kwa sababu wakati ule karibu kila msikilizaji alikuwa na spika ndogo ya aina hii hii, na mafundi wa studio walilijua hilo. Taarab ni bora zaidi. Sauti ya mwimbaji inakaa mbele na mpasho unasikika neno kwa neno. Mteja wangu mmoja alikuwa anapimwa gauni, nusu limevaliwa, pini zimejaa begani, akaniwekea kiganja hewani, "Fundi, subiri kwanza," akasimama hivyo hivyo hadi beti likaisha. Alipomaliza akasema, "Huyo anamsema jirani yangu," tukaendelea na pindo.

Kwenye singeli redio hii inasalimu amri. Mapigo yale ya Manzese na Tandale yanakwenda mbio, na ukipandisha sauti kupita nusu, spika inakoroma na kifuniko cha betri kinacheza ngoma yake. Amapiano ndiyo kabisa: ile bezi ya chini haipo, unabaki na wimbo wenye shimo katikati. Bongo Fleva ya kawaida haina shida, na shukuru haina, maana ukifungua FM saa za mchana utapewa nyimbo zile zile hadi watoto wa jirani wanaziimba kwa mpangilio wa stesheni.

Ndiyo maana nilinunua memori kadi, nikaipeleka Rangi Tatu kwa kijana anayeweka nyimbo. Nilimwambia dansi na taarab tupu. Akaniwekea na mahubiri, na vichekesho, na kitu fulani cha Kihindi. Hilo nimelisamehe. Ambalo sijalisamehe ni la redio yenyewe: haikumbuki ilipoishia. Ukiizima na kuiwasha, inaanza wimbo wa kwanza wa kadi, kila siku, kila mara. Wimbo ule sasa naujua hadi pumzi za mwimbaji.

Sasa mpira, na hapa ndipo redio ilipojilipa yenyewe. Ng'ambo ya njia kuna kibanda umiza. Wao wanaangalia kwa kisimbuzi, na picha ya kisimbuzi inabanwa, inapanda kwenye setilaiti, inashuka, inafunguliwa, ndipo inafika kwenye kioo. Safari hiyo inakula sekunde kadhaa. Mtangazaji wa redio akiwa uwanjani, sauti yake inanifikia kabla. Azam walitoa shilingi bilioni 225.6 kwa haki za ligi za miaka 10, na mimi na kiredio changu cha Kariakoo napata goli kabla ya watazamaji wao. Nikipiga kigelegele, vijana wa kibandani wanajua Simba wamefunga hata kama kwenye kioo mpira bado uko katikati ya uwanja. Wamekuja kunilalamikia: "Mama, unatuharibia." Wana haki. Tumepatana kwamba nitavumilia, ingawa mechi ikiwa kubwa mapatano hayo hayana nguvu. Yanga wakifunga, hapo nanyamaza bila kuombwa na mtu.

Ila watangazaji wenyewe, jamani. Tarehe 11 Mei 2025 alifariki Charles Hilary. Wengi walimtaja kwa cheo chake cha mwisho, msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na wengine kwa BBC na DW. Mimi nilimkumbuka kwa mpira wa RTD. Yeye na Ahmed Jongo walikuwa wanakujengea uwanja kichwani: mpira upo upande gani, nani anaukimbilia, nani amebaki peke yake, goli lililopo mbele ni la kaskazini au la kusini. Mtoto wa Lindi ambaye hajawahi kukanyaga Dar aliweza kuchora chini kwa kijiti mahali pasi ilipotoka na ilipokwenda. Wa siku hizi wana takwimu, wana mbwembwe, wana majina ya utani ya kila mchezaji na la kocha wake. Mpira ulipo hawasemi. Anapiga kelele "hatari, hatari, hatari!" na mimi nimeshika mkasi sijui hatari hiyo iko langoni kwa nani.

Wiki mbili baada ya msiba huo, 25 Mei, Simba walikuwa na RS Berkane ya Morocco, fainali ya Kombe la Shirikisho, mechi ya marudiano. CAF ilikuwa imeihamishia Zanzibar, uwanja wa New Amaan, kutoka kwa Mkapa. Tulikuwa nyuma 2-0 toka kule kwao. Nilikuwa na suti ya bwana harusi mezani, nikaiweka kando, suti ya harusi haishonwi na mtu ambaye moyo wake haupo. Mutale akafunga mapema. Kibandani wakasikia kwanza kwangu, mapatano yale nayo yakafia hapo. Baadaye Mukwala akatia mpira wavuni, na mwamuzi akaenda VAR, ile video ya marudio.

VAR redioni ni adhabu. Kwenye televisheni angalau unamwona mwamuzi ameinamia kioo chake. Redioni unabaki na mtangazaji anayejaza muda, anasema tunasubiri, bado tunasubiri, na nyuma yake uwanja unanguruma, na wewe huwezi kujua ngurumo hiyo ni ya matumaini au ya hasira. Nilikuwa nimeukaza mguu kwenye kanyagio la cherehani kana kwamba nikiuachia tutafungwa. Likakataliwa. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, 1-1, jumla 3-1, kombe likapanda ndege. Hali ile naifahamu toka 1993, Stella Abidjan walipotufunga 2-0 hapa hapa Dar kwenye fainali ya Kombe la CAF. Siku ile baba alizima redio kabla ya filimbi ya mwisho. Alisema anaokoa betri.

Kesho yake akaja mtani wangu, mzee mstaafu wa bandari anayekaa uani kwetu, Yanga wa kuzaliwa. Mkononi ana suruali. "Fundi, shikamoo."

"Mzee, tangu lini unaniamkia wewe?"

"Tangu jana. Mwenye msiba huamkiwa. Naomba unipunguzie kiuno, tatu kwa moja."

Nikamkumbusha Yanga walivyolikosa kombe hilo hilo mbele ya USM Alger 2023, akasema ile ilikuwa goli la ugenini, si kufungwa. Tarehe 25 Juni akarudi na shati, safari hii mbili bila, baada ya ile dabi iliyoahirishwa Machi na kubishaniwa miezi mitatu hatimaye kuchezwa. Sikumpunguzia bei.

Siasa nazo zimepitia kwenye spika hii tangu wiki ya kwanza. Niliinunua wiki ambayo Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mbinga na kupelekwa mahakamani Dar kwa shtaka la uhaini, na hiyo ndiyo habari nzito ya kwanza niliyoisikia humo. Siku chache baadaye ikaja ya CHADEMA kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na tume kusema kwamba basi haitashiriki. Mimi siasa naisoma kwenye meza yangu ya kukatia. Mwaka 2015 meza hiyo ilikuwa na kijani na njano za CCM upande huu, khaki ya magwanda ya CHADEMA upande ule, na wenye nguo zao wanakaa benchi moja wakisubiri vifungo na kutaniana. Mwaka 2025, toka kampeni zilipoanza mwishoni mwa Agosti, nilishona kijani na njano peke yake. Kazi ilikuwepo na hela nilipata, sikatai. Lakini benchi lilikuwa kimya, na redio ikizungumzia kampeni ilikuwa na ukimya wa namna hiyo hiyo hata ikipiga kelele.

Wateja wangu vijana walikuwa wananicheka. Mama na redio! Wao habari zao zipo mkononi. Mei mtandao wa X ukafungwa, wakasema kuna njia za kupitia pembeni. Septemba JamiiForums ikasimamishiwa leseni kwa siku 90, wakasema kuna makundi ya WhatsApp.

Hapa lazima niwarudishe kwa yule kijana wa Kariakoo. Alipokuwa ananionyesha bendi, FM aliizungumzia sana, AM kidogo, na alipofika SW akairuka. "Hiyo achana nayo, mama, ni mikoromo tu. Watu wanasikiliza FM." Kuna nyingine alikuwa nazo, nzuri zaidi kwa sura, zenye taa zinazocheza na muziki, hazina SW kabisa, na alitaka sana nichukue hizo.

Jumatano 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima, na jioni Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12. Simu za vijana zikabaki tochi na kikokotoo. Kwamba kuna vurugu tulijua bila kuambiwa, milio ilisikika hadi uani. Ambacho hatukujua ni mengine yote: njia zipi zimefungwa, Mwanza kukoje, Arusha kukoje, wanetu waliokwenda kazini asubuhi wapite wapi. Kwenye FM niliisikia ile amri ya kukaa ndani, nikasikia na muziki, nilichokuwa nakitafuta sikukipata.

Usiku nikavuta antena yote, nikaiweka redio dirishani, nikasukuma swichi kwenda SW. Mikoromo, kama kijana alivyosema. Kiarabu. Kichina. Mhubiri wa Kiingereza. Mikoromo tena. Halafu Kiswahili, sauti inakuja na kuondoka, mtu yuko mbali huko ng'ambo ananisimulia habari za Dar es Salaam mimi nikiwa Dar es Salaam. Niliposogeza kidole kwenye antena sauti ikakaza, nikabaki nimeishika. Mzee wa bandari akatoka na kigoda chake, mama wa chumba cha tatu akaja na mtoto mgongoni, na wale wachekaji wawili wakaja bila neno. Mtangazaji akitaja mji, mtu mmoja anasema taratibu, "Kaka yangu yuko huko." Tuliisikiliza kwa sauti ya chini, na siku zilizofuata kila giza likiingia mtu ananiuliza, "Mama, leo inakamata?"

Tarehe 1 Novemba tume ikatangaza ushindi wa Samia Suluhu Hassan kwa asilimia 97.66, tarehe 3 akaapishwa Dodoma, na intaneti ikaanza kurudi. Baadaye akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande. Waliokufa ni wangapi, hadi leo kila upande una hesabu yake, na makala ya redio si mahali pa kuimaliza hesabu hiyo. Naandika kuhusu redio, na kuhusu swichi yenye herufi mbili ambayo muuzaji aliiona ni mapambo.

Ajabu ni kwamba hata walioko mbali wanaipa kisogo SW. Sauti ya Amerika ilikuwa na Kiswahili tangu 1962; Machi 2025, mwezi mmoja kabla sijanunua redio hii, ilinyamazishwa kwa amri ya Donald Trump. BBC walioanza Kiswahili 1957 na DW walioanza 1963 nguvu zao sasa zipo zaidi mitandaoni, na kwenye FM za washirika wao humu humu nchini. Wanasema msikilizaji amehamia kwenye simu. Amehamia kweli. Lakini simu huzimwa na FM ya hapa huambiwa inyamaze, na wimbi linalotoka nchi nyingine halina mtu wa hapa wa kulipigia simu.

Kwa atakayetaka kuitumia bendi hiyo, haya nimeyapata kwa kuhangaika. Mchana usijisumbue sana, usiku ndiyo wakati wake, kwa sababu mawimbi hayo hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali, na giza huyasaidia kwenda. Chomoa chaja za simu zilizo karibu na uzime taa za LED zikiwa za bei rahisi, vinavuma kwenye SW hata kama kwenye FM hamsikii kitu. Chini ya bati sauti inafifia, sogea dirishani au toka nje. Na kipande cha waya wa shaba, mita tatu au nne, ukikizungushia kwenye ncha ya antena na kukifunga kwenye kamba ya nguo, utadhani umenunua redio nyingine. Kanga zikiwa zimeanikwa hapo hapo hazina madhara.

Kasoro zilizobaki nazipitia haraka. Kipande cha sola ni urembo. Ukiianika kutwa nzima inakupa muda wa taarifa ya habari, haifiki kwenye michezo. Tundu la chaja lililegea mapema, fundi simu akalichomelea upya kwa 5,000, na tangu hapo halijasumbua. Nilipompigia muuzaji kuulizia waranti alinijibu kwa adabu zote kwamba waranti ya redio hizi huishia mlangoni. Tochi ni nzuri kuliko nilivyotegemea, nimepindia nguo kwa tochi hiyo umeme ulipokatika. Betri ndiyo sifa kubwa: ni ile BL-5C ya simu za Nokia za zamani, inapatikana kila kona, haizidi 5,000, unafungua kifuniko na kuibadilisha mwenyewe. Ninazo mbili, moja kazini na moja kwenye chaja, na redio haizimi toka nifungue kibanda hadi nifunge. Ukikuta yenye betri iliyochomelewa ndani, iache hata kama inang'aa.

Dukani usiipime SW ndani. Mle kwenye nondo na zege na mamia ya taa hata redio ya milioni itakoroma. Mwambie muuzaji mtoke naye hadi barabarani, avute antena, uone kama mshale unatembea bila kuruka. Akikataa kutoka, maduka ni mengi.

Dada yangu wa Newala ameniagiza ya kwake. Nitamtafutia ya namba badala ya mshale, ikipatikana chini ya 45,000, mradi SW iwepo na betri itoke. Rangi anasema yoyote, isipokuwa nyekundu. Huyo ni Yanga, na nauli ya kuisafirisha atalipa mwenyewe.